Vanishi Juu ya Boriti ya Masika

Vijana wa karakana, siku mliponiaga mlinipa soda na kiti, mkasema nipumzike sasa, na mmoja wenu akaomba niandike habari za kazi yangu ili wanaokuja wapate kusoma. Nilicheka, mkafikiri ni furaha. Kilichonichekesha ni kile kiti. Zaidi ya miaka thelathini nimewatengenezea watu wa Butembo viti vya mbao, na siku ya kuniaga mkanikalisha kwenye plastiki.

Basi nimeandika. Ukubwa wa kazi hautaonekana humu, maana sikuwahi kuwa mkubwa wa mtu. Nitaandika nilivyoingia, aliyenifundisha, na kitu kimoja nilichokiharibu. Hicho cha mwisho ndicho kinachonifanya nishike kalamu, ingawa najua nitazunguka kidogo kabla ya kukifikia. Mnivumilie.

Niliteremka kutoka milima ya Lubero nikiwa na umri wa miaka ishirini, nikafika Mususa, hapa Butembo, kwa fundi Kambale, mtu mfupi mwenye kidole kimoja kisicho na kucha. Nilitegemea anipe msumeno. Akanionyesha lundo la mbao zilizotoka Eringeti kwa lori na kuniambia nizipange, kati ya ubao na ubao niweke vijiti ili hewa ipite. Nilipomaliza alizisukuma kwa mguu, akasema zimepangwa kama kuni, nianze tena. Nilifanya hivyo wiki mbili. Nilidhani ananichezea, kumbe alikuwa ananifundisha nusu ya kazi yote, maana samani nyingi huharibika kabla hazijaguswa na msumeno, zikiwa bado lundo la mbao mbichi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka ubao shavuni. Mkononi ubao utakudanganya, kwa sababu mkono wa fundi umekufa ganzi, lakini shavu halidanganyiki: mbao yenye maji ni baridi. Mmeniona nikifanya hivyo mkacheka kwamba mzee anabusu mbao. Chekeni, lakini jaribuni.

Mwaka wangu wa pili nilitengeneza mlango wa kanisa dogo la kijijini kwa mbao ambazo sikuziweka shavuni. Mvua zilipoanza, mlango ulivimba na kukataa kufunguka, na Wakristo wote waliingia misani kupitia chumba cha padri, akina mama wakipita na watoto mgongoni kati ya mavazi ya ibada. Kambale alikwenda mwenyewe kwa padri na kumwambia mlango ule ni wake. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama viatu vyangu.

Jambo la tatu alilonifundisha ni kumaliza. Kwake kitu kilikuwa hakijaisha mpaka king'ae. Tulipiga msasa mkubwa, msasa mdogo, vanishi, msasa tena, vanishi tena, hadi mteja aone kidevu chake kwenye mlango wa kabati. Kitu cha mbao tupu hakikuwahi kutoka katika karakana ile. Hata banda la kuku la jirani lilitoka na vanishi, na kuku wakakataa kulala ndani kwa sababu ya harufu. Kambale alipofariki niliiendeleza kazi kwa sheria hiyo hiyo, na watu wakaja kwangu kwa sababu hiyo. Nilijivunia sana. Ningesema nilijivunia kupita kiasi, lakini wakati ule nisingekubali kwamba kuna kiasi.

Masika ni mtoto wangu wa kwanza. Nyumba yetu na karakana zilikuwa kiwanja kimoja, kwa hiyo alikulia kwenye vumbi la mbao. Alikuwa na miaka minane au tisa nilipomkuta akitembea juu ya ukingo wa ubao niliokuwa nimeuegesha kwenye farasi mbili za mbao za kukatia, mikono ameitandaza, ulimi nje. Nilimkaripia. Aligeuka pale pale juu, kwa kidole cha mguu, na kurudi alikotoka. Nilisahau nilichokuwa nataka kusema.

Mwaka huo huo shule yao ilimpata Mwalimu Paluku, kijana aliyesomea michezo Kinshasa. Baada ya masomo alikuwa anakusanya wasichana katika ukumbi wa parokia na kuwafundisha jimunastiki: kujipindua, kusimama kwa mikono, kuruka juu ya sanduku. Vifaa alivyokuwa navyo ni magodoro mawili ya sponji na filimbi. Hakuwahi kuwapigia kelele. Mtoto akianguka, yeye alichuchumaa karibu naye na kumwuliza alihisi nini kabla ya kuanguka, kama mganga anayetafuta ugonjwa.

Watu walisema, bila shaka. Mama mkwe alisema msichana anayetembea kwa mikono atachukuliwa na nani. Jirani yangu mmoja, mtu wa kanisa, alinisimamisha njiani.

"Fundi, binti yako unamufundisha kuruka sawa kima?"

"Kima hapana jua kugeuka sa yeye," nilimjibu. "Kuya Siku ya Posho, utaona."

Hakuja Jumamosi ile wala nyingine. Mimi nilikwenda kila Jumatano na kila Jumamosi. Nilifunga karakana saa tisa, mteja akikuta mlango umefungwa arudi kesho, na niliketi kwenye benchi la ukumbi peke yangu kati ya akina baba wote wa Mususa. Mama Masika alikuwa akinicheka kwamba nimekuwa mwanafunzi mzee kuliko wote. Nilikuwa na furaha. Nilimtengenezea mwalimu sanduku la kurukia la ngazi tatu, nikamtengenezea ngazi ya ukutani ya kunyooshea mgongo, nikamtengenezea ubao wa kujirushia ambao ulipasuka siku ya kwanza chini ya msichana mnene kidogo. Alilia, nikamwambia kosa ni la ubao. Siku ile haikuwa ngumu kusema hivyo.

Kisha Mwalimu Paluku akaja karakana na kunichorea kwa chaki sakafuni kitu alichokiita putre. Ni boriti ndefu ya mita tano, upana wake kiganja kimoja tu, imesimama juu ya miguu miwili, na msichana anatembea juu yake, anaruka, anajipindua, bila kushuka. Nilimwuliza kama ni adhabu. Akacheka.

Niliichagua mbao ya libuyu iliyokauka miaka miwili chini ya paa langu, nikaiweka shavuni, ikawa vuguvugu. Niliipiga randa siku nzima. Alipokuja kuichukua aliipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, macho amefumba.

"Fundi, usipake kitu juu. Uiache vile randa inaiacha. Mukulu ya mutoto inapashwa kushika mbao."

Nilikubali kwamba mguu unahitaji kushika mbao, lakini niliumia kidogo. Hicho ndicho kitu cha kwanza kilichotoka kwangu bila kung'aa. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa na harusi na mikutano, boriti ilikaa kwangu zaidi ya kule, na Masika alifanyia mazoezi karakanani kila alasiri. Nilizima mashine ili asishtuke. Alijipaka unga wa muhogo kwenye nyayo, akapanda, na mimi nikakaa juu ya gogo nikimtazama. Wateja walisubiri. Kama kuna mmoja wao anayesoma hapa, kabati lako lilichelewa kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya vitasa nilivyovisingizia.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja ilipotangazwa kwamba vikundi vya Beni vitakuja Butembo, washindane na wetu, na wasichana wawili wa kwanza wapelekwe Goma. Masika aliacha kula vizuri. Alihesabu hatua zake mezani kwa vidole. Mwalimu alisema anaweza, kila kitu anakijua, abaki mtulivu tu. Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Wazazi wa mji mzima wangejaa ukumbini, na wageni wa Beni, na mapadri, na katikati pale mbele ya macho yao wote ingesimama kazi ya mkono wangu ikiwa mbao tupu, yenye alama za nyayo na unga wa muhogo. Niliona aibu. Hakuna aliyenicheka bado, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona aibu.

Siku mbili kabla ya mashindano niliipiga msasa na kuipaka vanishi. Mara tatu, kama kabati la bibi harusi.

Masika alitoka shule, akaiona, akaweka kiganja juu yake.

"Papa, mwalimu alisema isipakwe kitu."

"Mwalimu anajua kuruka. Mimi najua mbao."

"Mais Papa, itateleza."

"Itakauka. Kesho utaona."

Kesho yake sikumruhusu kupanda, nikisema ataichafua. Huo ndio ukweli wake: mtoto wangu alikwenda kwenye mashindano ya maisha yake juu ya boriti ambayo nyayo zake hazikuwa zimeigusa tangu ipakwe.

Asubuhi ya siku yenyewe tuliibeba watu wanne hadi ukumbini. Mwalimu Paluku alikuwa mlangoni akipokea wageni, akaja mbio na kuiona. Aliipapasa.

"Fundi, inang'aa sana. Ulipaka nini?"

Alikuwa ameniuliza waziwazi, na nilikuwa na nafasi ya kumjibu. Watu walikuwa wanaitazama boriti, mmoja alikuwa amekwisha kuuliza nani ameitengeneza.

"Kamafuta tu, kadogo. Imekwisha kukauka."

"Bon," alisema. Aliniamini kwa sababu mimi ni fundi. Kisha nilimsikia akimwuliza Masika kama yuko tayari, na Masika akasema ndiyo.

Wasichana wawili waliomtangulia walitembea tu na kugeuka, hawakujaribu makubwa, wakashuka salama. Masika alipanda. Alifanya vizuri hatua zote za mwanzo. Alijipindua kwa mikono katikati, miguu ikapita hewani, na mguu wa kwanza uliporudi juu ya boriti ulikwenda pembeni kana kwamba hapakuwa na kitu chini yake. Aliangukia mkono wa kushoto. Nilisikia mlio kabla sijaelewa, ule mlio wa ubao mkavu unaopasuka, na mimi ninaujua kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ndani.

Kiwiko kilivunjika mahali pawili. Hospitali walimfunga plasta kutoka begani hadi vidoleni, wakasema atapona, lakini mkono huenda usinyooke tena. Masika hakulia mbele ya daktari. Aliuliza tu nani amechaguliwa kwenda Goma.

Sasa nafika penyewe. Boriti ilikuwa imerudishwa karakanani. Kesho yake asubuhi, mtoto akiwa amelala chumba cha pili, nilichukua randa nikaisukuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikarudia. Vanishi ilitoka kwa vipande vyembamba vinavyong'aa, hadi ikarudi kuwa mbao. Nilijiambia ninafanya hivyo ili wasichana wengine wasije wakaanguka. Nusu ya hilo ilikuwa kweli, na nilijificha nyuma ya hiyo nusu. Mama Masika alikusanya yale maranda akawashia moto. Moshi ulinuka vanishi nyumba nzima. Alinitazama, akaendelea kukoroga ugali.

Siku ya tatu wakaja watu wanne wa kamati ya wazazi, wametumwa kuangalia kilichotokea. Mwalimu Paluku alikuwa pamoja nao, amesimama nyuma. Waliipapasa boriti.

"Fundi, hii njo ile yenyewe?"

"Njo yenyewe," nilisema. Na kweli ilikuwa yenyewe.

"Haina mubaya. Inashika muzuri." Wakaomba kumwona mtoto. Masika alitoka, plasta imefungwa shingoni kwa kitenge cha mama yake. Chumba chake na karakana vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Alikuwa amesikia kila nilipoisukuma ile randa.

"Mutoto, ilikuwa je?"

Alinitazama. Sijui niliufanya uso wangu namna gani, nimejiuliza mara nyingi. Kisha akawatazama wao.

"Ni miye. Sikuweka mukulu muzuri."

"Ile kitu ya kujipindua, ulikuwa tayari kuifanya?"

Akatikisa kichwa. "Hapana."

Alitaka kulimaliza lile jambo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, alidhani akijitwisha kosa, litabaki kwake. Lakini wale walikuwa watu wazima, na walijua kwamba mtoto asiyekuwa tayari amepandishwa na mtu. Wote wanne waligeuka kumtazama mwalimu. Yeye alikuwa anamtazama Masika, kwa mshangao tu, bila hasira. Nami nilikuwa nimeshika randa mkononi, sikumbuki kwa nini, na sikusema kitu.

Kikundi kilifungwa wiki ile. Shule haikumwongezea Mwalimu Paluku mwaka mwingine, na tukasikia amekwenda Beni. Masika alirudi darasani. Mkono ulipona umepinda, hadi leo hawezi kunyanyua ndoo kwa kushoto. Hakuniuliza chochote na sikumwambia chochote. Aliacha kuingia karakana. Akitaka kuniita chakula alisimama mlangoni na kuita kutoka pale, kwa adabu yote, na adabu ile ndiyo iliyonitesa kuliko kama angenitukana. Boriti niliikata nikatengeneza miguu ya meza nne. Meza ziling'aa.

Mlinikuta miaka ya baadaye, mkaniona fundi mkali, asiyeruhusu mtu kupaka kitu chochote bila kuuliza mteja mara mbili. Mlidhani ni uzee. Niliwafundisha mengi, lakini hili nililikalia.

Mashine ina faida moja ambayo haiandikwi popote: ikiunguruma husikii mawazo yako. Nilipostaafu nilikaa nyumbani, mbali na karakana yenu ya sasa, wiki tatu katika kimya, na wiki ya nne nikapanda gari kwenda Beni. Nilimwambia Mama Masika nakwenda kuwaaga wauza mbao. Akanifungashia ndizi na kusema, "Musalimie mwalimu." Sikuwa nimemtaja mwalimu.

Si vigumu kumpata mtu Beni ukiuliza. Mwalimu Paluku ana duka dogo la madaftari na kalamu. Ameota mvi kabla ya wakati. Alinitambua mara moja, akatoa kiti, akaita mke wake alete chai, akaniuliza habari za mkono wa Masika kabla ya kuniuliza habari zangu. Nilimwambia asilete chai kwanza. Nilisema yote: vanishi mara tatu, yale mafuta kidogo niliyomdanganya nayo, randa ya asubuhi.

Mteja aliingia akitaka kalamu nyekundu, mwalimu akamwuzia, akamrudishia chenji, akakaa tena.

"Ile asubuhi nilimuuliza Masika kama eko tayari," alisema. "Akaniambia ndiyo. Nyuma akaambia bale batu ba kamati hapana. Fundi, unajua niliwaza nini? Niliwaza mutoto aliniogopa. Kama niko mutu ambaye batoto banaogopa kumwambia ukweli."

"Hapana, mwalimu. Haikukuwa vile."

"Tangu pale sijagusa tena mutoto wa mutu. Shule mbili ziliniita, nikakatala. Kumbe nilikatala juu ya vernis tu."

Nilitaka kupiga magoti, lakini magoti ya seremala mzee hayakunjiki bila msaada, na ningeleta kichekesho. Nilibaki nimeketi. Alimwita mke wake, akamwambia akae, kisha akaniambia nirudie tena mbele yake, polepole. Nikarudia yote. Mke wake alifunika mdomo kwa kitenge. Alipoutoa aliuliza neno moja tu, kama Masika anajua kwamba niko pale. Nilisema hapana.

"Muite," alisema Mwalimu Paluku, akanisukumia simu yangu iliyokuwa juu ya meza.

Masika anaishi Vulamba na mume wake, wanauza vitenge. Simu haikulia mara mbili.

"Papa, uko wapi? Mama anasema ulienda Beni."

"Niko kwa Mwalimu Paluku."

Nilisikia akiwaambia wateja wangoje, nikasikia mlango.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

"Nilisema hapana juu ya kukulinda, Papa. Sikujua batamufukuza yeye. Nilikuwa mutoto, sikujua." Kisha akaongeza, "Sasa uniambie na miye."

"Masika, wewe unajua yote. Ulikuwaka pale."

"Nilikuwaka pale," alisema. "Mais we haukuniambiaka."

Mwalimu na mke wake hawakutoka, na sikuwaomba watoke. Niliihamisha simu sikio lingine, nikaanza kumwambia.